Aulizwe Mwenyewe



Nataka kuwaeleza kosa langu, kisha tulifikiri pamoja, maana naamini si langu peke yangu.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja wa mtaa wetu alikuja mlangoni pa darasa la Kipaimara akiwa amembeba mwanawe mgongoni, ingawa mwana huyo alikuwa na miaka 14. Mikono ya kijana ilikuwa imejikunja, shingo haikutulia, na mate yalikuwa yakimtoka. Mama akaniambia, "Mwalimu, na huyu naye nataka afundishwe." Mimi nikamwuliza mama: Anaitwa nani? Anasikia? Anaelewa? Mama akanijibu yote. Nikaandika jina katika daftari, nikasema nitazungumza na Padre. Walipokwisha ondoka ndipo nilipotambua kwamba muda ule wote kijana alikuwa akinitazama usoni, nami sikusema naye neno hata moja.

Desturi yetu ni kwamba mtoto huamkia "Shikamoo", na mkubwa huitikia "Marahaba". Kijana yule hakuweza kuniamkia. Basi mimi nikahesabu kwamba kwa kuwa hakuna shikamoo, hakuna wa kuitikiwa. Hilo ndilo kosa langu.

Tena lilikuja swali kubwa zaidi. Mtoto mchanga akibatizwa, wazazi wa ubatizo hujibu kwa ajili yake. Lakini katika Kipaimara mtu hujibu mwenyewe mbele ya Askofu. Je, yule asiye na ulimi wa kusema, nani atajibu kwa ajili yake? Mama yake? Mwalimu? Au aachwe tu, aketi nyuma ya kanisa maisha yake yote akiwa mtoto mchanga mwenye ndevu? Na swali hili halihusu Kipaimara tu. Hospitalini nani aseme panapouma? Baba akifa, nani aseme kama amekubali shamba liuzwe?

Kwanza tuijue hali yenyewe. Waganga wa hospitali huiita mtindio wa ubongo. Si maradhi ya kuambukiza, si laana, wala si uchawi wa jirani. Ni madhara yanayoupata ubongo wa mtoto ukiwa bado unakua: tumboni mwa mama, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyekosa hewa wakati wa uzazi, aliyepata manjano kali katika siku zake za kwanza bila kutibiwa, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, aweza kupatwa nayo. Daktari Mwingereza William John Little aliieleza mbele ya waganga wenzake huko London mwaka 1861, akionyesha uhusiano wake na uzazi mgumu. Kinachoharibika ni amri ambayo ubongo huipa misuli. Mkono hauendi unakotumwa.

Sasa kumbukeni kwamba kusema nako ni kazi ya misuli. Midomo, ulimi, koo na pumzi, vyote havina budi kwenda pamoja. Mtu aweza kuwa na neno zima moyoni na lisitoke ila kama mngurumo. Karibu mmoja katika kila wanne wenye mtindio wa ubongo hawezi kusema. Ni kweli pia kwamba karibu nusu yao wana upungufu wa akili, wengine kidogo, wengine sana, tusidanganyane. Lakini nani kati yetu awezaye kutazama uso wa mtu na mate yake akajua yeye ni wa nusu ipi? Hata hivyo tunawaita zezeta na taahira, tena wakisikia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Fikirini habari za Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji. Alikuwa bubu siku ile mtoto alipopewa jina. Jirani na jamaa walikuwa wamekwisha amua kwamba mtoto ataitwa Zakaria. Elisabeti alipokataa, ndipo walipomwashiria baba. Yeye akaomba kibao, akaandika jina ambalo hakuna aliyelitazamia, na wote wakastaajabu. Angalieni mambo mawili. Kwanza, kibao kilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza. Pili, walijua kwamba neno ni lake hasa kwa sababu halikuwa lao.

Katika nyakati zetu vibao vimekuwa vingi. Huko Dublin, nchini Ireland, alizaliwa mwaka 1932 mtoto aitwaye Christy Brown, mwenye mtindio wa ubongo. Kiungo kimoja tu kilimtii, nao ni mguu wake wa kushoto. Siku moja alinyakua chaki kwa vidole vya mguu huo, na mama yake akaanza kumfundisha herufi. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha maisha yake. Huko Toronto, Kanada, tangu mwaka 1971 watoto wasioweza kusema walifundishwa kutumia ubao wenye alama za picha, wakionyesha alama moja baada ya nyingine mpaka wazo likamilike.

Lakini habari niipendayo zaidi ni ya Rick Hoyt, wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Alizaliwa mwaka 1962 kitovu kikiwa kimemzonga shingoni, akakosa hewa. Waganga waliwashauri wazazi wampeleke katika nyumba ya kutunzia walemavu wa namna hiyo, kwa kuwa hatakuwa mtu wa maana. Baba na mama walikataa, kwa sababu waliona macho yake yakiwafuata kila waendako chumbani. Mama akamfundisha herufi. Kisha wakaenda kwa wahandisi wa Chuo Kikuu cha Tufts kuomba chombo cha kumwezesha kusema. Wahandisi walikuwa na shaka. Baba akawaambia wamsimulie mtoto kichekesho. Wakasimulia, na Rick akacheka. Ndipo walipokubali kwamba ndani mna mtu.

Chombo walichokitengeneza, mwaka 1972, kiligharimu dola 5,000. Kilifanya kazi hivi: herufi zilipangwa mbele ya mtoto, na mwanga ukapita juu yake herufi kwa herufi. Mwanga ulipofika kwenye herufi aitakayo, aligonga kitufe kwa upande wa kichwa, kwa kuwa kichwa ndicho alichoweza kukitawala. Hivyo herufi zikajipanga kuwa maneno. Watu wa nyumbani walikuwa wakijiuliza neno la kwanza litakuwa nini. Je, atamwita mama, au baba? Rick aliandika maneno ya kuishangilia timu ya Boston ya mchezo wa magongo wa barafuni! Miaka yote ile alikuwa ameketi pamoja nao akiufuata mchezo, na hakuna aliyejua.

Baadaye aliingia shule ya kawaida. Mwaka 1977 alimwomba baba yake washiriki mbio za kumchangia mwanamichezo aliyepooza. Baba akakimbia akimsukuma kitini. Tangu hapo walishiriki pamoja zaidi ya mashindano 1,000. Mwaka 1993 alipata shahada katika Chuo Kikuu cha Boston. Baba alifariki mwaka 2021, na Rick mwaka 2023.

Siku hizi chombo cha namna ile hakihitaji kuundwa na wahandisi kwa mtu mmoja mmoja. Simu nyingi za mkononi zina ndani yake mpango wa kuendeshwa kwa kitufe kimoja, mwanga ukipita juu ya maneno kama ulivyopita mbele ya Rick. Ziko kompyuta zenye kamera inayofuata macho, hata mtu asiyeweza kusogeza kidole huandika kwa kutazama herufi. Ziko programu zinazosoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Na kwa njia ya intaneti mtu wa namna hii aweza kuandika barua saa tatu nzima, akaituma, na mwenye kuipokea akaisoma kwa dakika moja bila kujua ilichukua saa ngapi. Hakatizwi maneno wala hahurumiwi kwanza. Watu hukutana na fikira zake kabla ya kukutana na kiti chake. Kwa wengi wao hiyo ni mara ya kwanza maishani.

Mpaka hapa mtasema: basi jambo ni jepesi, tuchange fedha tununue kompyuta. La hasha. Iko hatari ya pili, na hii huwapata hasa watu wema.

Katika miaka ya 1970 huko Australia ilianza njia nyingine ya kuwasaidia watu wasiosema. Msaidizi aliushika mkono wa mlemavu, akautegemeza juu ya herufi, na mkono ukaonyesha herufi moja moja. Kuanzia mwaka 1990 njia hii ilienea upesi nchini Marekani, hasa kwa watu wenye usonji. Watu waliodhaniwa hawana fahamu wakaanza kuandika mashairi na barua za upendo kwa wazazi wao. Wazazi walilia kwa furaha. Kisha wengine wakaandika shutuma nzito juu ya jamaa zao, na wako wazazi waliofikishwa mbele ya sheria kwa maneno hayo.

Ndipo wataalamu wakafanya jaribio rahisi. Msaidizi alionyeshwa picha moja, na mlemavu akaonyeshwa nyingine, kila mmoja asione ya mwenzake. Kisha wakaambiwa waandike jina la picha. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1993, wasaidizi walipoonyeshwa picha tofauti, mkono haukuandika hata mara moja jina la picha aliyoiona mlemavu peke yake. Uliandika picha aliyoiona msaidizi. Mwaka 1994 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitangaza kwamba njia hiyo haijathibitishwa na sayansi.

Wasaidizi wale hawakuwa waongo. Wengi walilia walipoyaona majibu, kwa kuwa wao wenyewe hawakujua kwamba mikono yao ndiyo iliyokuwa ikiandika. Walipenda mno, wakatamani mno kusikia, mpaka wakasikia sauti yao wenyewe wakadhani ni ya mwenzao. Na yule mlemavu? Aliketi pale, mkono wake umeshikwa, akiwa bubu mara mbili. Zamani watu walijua kwamba hasemi. Sasa walidhani amesema.

Basi tunaona makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba ndani ya mtu asiyesema hamna neno. La pili ni kumtilia mtu maneno yetu kinywani na kuyaita yake. La kwanza ni la wenye kudharau, na la pili ni la wenye kuhurumia. Lakini yote mawili yamefanana katika jambo moja, kwamba mtu mwenyewe hakuulizwa. Bwana wetu alipoitwa na kipofu njiani Yeriko, kila mtu aliyekuwapo aliweza kuona shida yake ilikuwa nini. Hata hivyo Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini, akamngoja ajibu.

Mtauliza: tutajuaje basi kwamba neno ni lake? Mimi nafikiri kipimo ni hiki. Msaada ni wa kweli pale ambapo anayesaidiwa aweza kutukatalia. Kama chombo chake chaweza kusema "ndiyo" na "asante" tu, hicho si kinywa, ni kasuku wetu. Katika ubao wowote mtakaomtengenezea mtu, maneno ya kwanza yawe pamoja na "hapana", "acha", "sitaki" na "hukunielewa". Tena agonge mwenyewe, kwa kiungo chochote kinachomtii, iwe ni ngumi, goti au jicho. Msimshike mkono wa kuandikia. Tegemezeni kiti, tegemezeni shingo, lakini mkono uacheni.

Kipimo cha pili ni cha kwetu sisi, nacho ni saburi. Mtu anayesema kwa kawaida hutoa maneno kama 150 kwa dakika moja. Anayechagua herufi kwa kitufe mara nyingi hafikii 10. Hapo ndipo kishawishi kinapokuja: tunamkamilishia sentensi, au tunamgeukia mama yake. Kompyuta yaweza kumpa mtu sauti, lakini haiwezi kumpa msikilizaji. Huyo ni lazima awe mmoja wetu, ameketi, hatazami saa.

Narudi kwa kijana wangu. Baada ya kuzungumza na Padre tulianza kwa karatasi ngumu ya boksi. Dada yake alichora picha za maji, chakula, choo na maumivu, na pembeni akaandika ndiyo, hapana na bado. Kijana alichagua kwa kutazama. Chini dada akaandika herufi, kwa mzaha tu, tukagundua kwamba anazijua. Kumbe miaka yote dada alipokuwa akisoma masomo yake kwa sauti jioni, yeye alikuwa pembeni akitazama kitabu. Mwaka uliofuata mjomba wake wa Dar es Salaam alileta tableti iliyokwisha tumika. Fundi akaifungia kitufe kikubwa kwenye kiti, ambacho kijana hukipiga kwa mgongo wa ngumi. Siku ya kwanza alipoileta darasani alipiga kitufe muda mrefu, jasho likamtoka. Kisha sauti ya kike ikasema, "Shikamoo Mwalimu." Darasa zima likacheka, naye akacheka kuliko wote. Nikaitika marahaba yangu iliyochelewa mwaka mmoja.

Mwaka jana, Askofu alipokaribia kuja, tuliketi nyumbani kwao: Padre, mama, dada na mimi. Padre akamwuliza kijana, si mama, kama anataka kupokea Kipaimara mwaka huu. Akaanza kupiga kitufe. Ilichukua muda. Mama akasema, "Anasema ndiyo, Padre, ametamani siku nyingi." Padre akamjibu kwa upole, "Mama, tumsubiri." Tukasubiri. Sauti ikasema, "Bado."

Mama aliona haya. Nami, nikiri, nilikasirika. Nilikuwa nimemfundisha mwaka mzima na zaidi. Padre akamwuliza sababu. Akapiga kitufe karibu nusu saa, na sauti ikasema, "Mwalimu haniulizi."

Ilikuwa kweli. Darasani nilikuwa nikiuliza wote maswali, isipokuwa yeye. Nilimpenda, nilimsifu mbele ya wageni, nilimsukumia kiti chake. Lakini jibu lake lilichukua muda, nami nilikuwa na somo la kumaliza.

Tangu siku ile namwuliza. Somo letu limekuwa refu, na vijana wengine walinung'unika mwanzoni. Sasa wamezoea, hata wao wenyewe hawakimbilii kujibu kama zamani. Naye amekwisha niuliza swali moja lililonilaza macho. Tuliposoma habari za Zakaria, akaandika, "Zakaria alifungwa ulimi kwa kosa lake. Mimi nimekosa nini?" Nilimjibu kwa habari za mtu aliyezaliwa kipofu, ambaye Bwana alisema kwamba si yeye aliyetenda dhambi, wala wazazi wake. Alinisikiliza. Sijui kama jibu lilimtosha, kwa kuwa hakuandika neno siku ile. Lakini nafikiri juu ya miaka yote aliyoketi na swali hilo peke yake, watu wakipita mbele yake wakinong'ona "laana", na hakuna aliyejua kwamba anauliza.

Wapendwa, katika nyumba zetu wako wengine, wamefungiwa vyumba vya nyuma. Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na haki ya kutoa mawazo kwa njia ambayo mtu ameichagua imo ndani yake. Lakini sheria haiwezi kuja jioni kuketi kitandani. Anzeni kwa kumsalimu. Mwulizeni jambo dogo, mngoje, mkatazame macho yake yanakwenda wapi. Mpelekeni hospitali wampime masikio na macho, na wataalamu wa viungo wawaonyeshe namna ya kumketisha. Tengenezeni ubao wa karatasi kabla ya kuota habari za kompyuta. Chombo kikipatikana, kisifungwe kabatini kisije kikaharibika, wala kisinyang'anywe kama adhabu, maana huko ni kumfunga mtu kinywa. Wala msimsomee barua zake bila ruhusa.

Askofu atakuja tena mwaka huu. Kijana wetu hajasema ndiyo, wala hajasema hapana. Mama yake huniuliza kila Jumapili nafikiri atajibu nini, nami humwambia sijui. Jumamosi ijayo Padre atamwuliza tena. Tumetenga asubuhi nzima.